Jibu kwa msomaji: bahari ya Uturuki, mwezi wa Desemba na magoti ya mama mkwe

"Habari za kazi. Tuko Dar es Salaam: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 13, na mama mkwe wangu mwenye miaka 68. Tumedunduliza miaka mitatu ili twende Uturuki. Istanbul na msongamano wake hatuutaki. Tunataka pwani, mahali palipotulia, tulale, tuogelee, tule vizuri, basi. Tunafikiria Desemba, watoto wakifunga shule. Wakala mmoja ametupa hoteli kubwa ya Antalya ambayo kila kitu kimo ndani ya bei. Anasema pwani ya Uturuki ni ileile popote, tofauti ni hoteli tu. Mimi kwenye picha nimependa Çıralı na Kaş. Mama ana shinikizo la damu na magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Sisi ni Waislamu, tunataka chakula halali, na mimi naogelea nimejisitiri. Twende wapi, na tuanzie wapi?"

Dada, salamu kwako, na shikamoo yangu mfikishie mama. Miaka mitatu ya kudunduliza si mchezo, kwa hiyo nitakujibu kama ningemjibu ndugu yangu, pamoja na yale ambayo wakala wako hatayafurahia. Nimewapangia watu safari za Uturuki kwa muda mrefu, na barua yako inafanana na nyingi nilizopata: familia inaanza na hoteli, kisha inatafuta tarehe, kisha bahari yenyewe ikoje inakuja kuijua imeshafika. Nakuomba upindue mpangilio huo. Anza na mwezi, kisha uangalie ufukwe wenyewe umekaaje, hoteli iwe ya mwisho.

Na tuanze na Desemba, maana hapo ndipo fedha zenu zinapoweza kuzama.

Sisi wa Pwani hatuijui bahari ya baridi. Desemba kwetu kaskazi imeanza kuvuma, jua limewaka, maji ni ya uvuguvugu. Pwani ya kusini ya Uturuki iko nyuzi 36 hadi 37 kaskazini mwa ikweta, na Desemba kule ni majira ya baridi hasa. Wakati wa kiangazi ukanda wa mgandamizo mkubwa wa hewa husogea kaskazini ukaifunika Mediterania kama kifuniko cha sufuria. Hewa haipandi, mawingu hayajengeki, na wiki nyingi hupita bila tone la mvua. Kuanzia Novemba kifuniko kinarudi kusini na dhoruba za kutoka magharibi zinapata njia. Zinakuja zimebeba unyevu wa bahari, zinagonga milima ya Toros iliyosimama nyuma ya pwani, hewa inapanda, inapoa, inamwaga. Ndiyo maana mvua kubwa za Antalya ni za Desemba na Januari. Mchana joto hucheza kwenye nyuzi 15 au 16, na maji ya bahari 18 au 19. Mgeni kutoka Ulaya kaskazini huyaingia akicheka. Mtoto wa Dar atatoka mbio, meno yanagongana.

Baridi yenyewe ungeweza kuivumilia. Kinachoumiza zaidi ni kwamba vijiji vidogo vya pwani, vile hasa unavyovitaka wewe, hufungwa. Mashua zinapandishwa nchi kavu, migahawa inafunika viti, nyumba za wageni zinapigwa rangi zikingojea Aprili. Miaka ya nyuma nilikubali kumpangia mteja Desemba kwa sababu alisisitiza na mimi nilikuwa mpya kazini. Alinipigia simu siku ya tatu akiwa amejifunika blanketi, nje mvua inapiga madirisha, watoto wanaogelea kwenye bwawa la ndani pamoja na wazee waliokuja kutibiwa mgongo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole, kama mimi mwenyewe nimewahi kufika kule Desemba. Sikuwa nimewahi.

Watoto wako wanafunga shule mwezi wa Juni pia, na huo ndio mwezi wako. Katika nusu ya kwanza ya Juni bahari ya kusini inafika nyuzi 23 hadi 24, mchana ni kama 30, mvua karibu haipo, na shule za Uturuki huwa hazijafungwa, kwa hiyo familia za huko hazijashuka pwani kwa wingi. Wajuzi watakwambia Septemba ni bora zaidi, kwa kuwa bahari huwa imehifadhi joto la kiangazi chote. Ni kweli, lakini watoto wako watakuwa darasani. Agosti iache: joto la mchana hucheza kwenye nyuzi 34 na bei ziko juu. Jambo jingine la kuangalia ni sikukuu. Idi ya kuchinja, ambayo wao huiita Kurban Bayramı, ni likizo ya siku nne na nusu, na serikali mara nyingi huwaongezea watumishi siku nyingine, hapo nchi nzima inahamia baharini. Mwaka 2026 inaangukia mwisho wa Mei, 2027 katikati ya Mei, kisha inaendelea kurudi nyuma, kwa hiyo Juni yenu itakuwa salama.

Kama Desemba ni lazima, kwa sababu ya likizo ya mzee kazini au jambo jingine, basi nakushauri kwa moyo mweupe: kaeni nyumbani, nendeni Mafia, Kilwa au Pangani, ambako Desemba bahari ni nzuri kuliko ya Uturuki kwa mbali. Uturuki ya Desemba ni ya Istanbul na Konya, ambako kila mwaka karibu na tarehe 17 wanaadhimisha kifo cha Mevlana, yule mshairi sufii anayejulikana pia kama Rumi. Hiyo ni safari nyingine kabisa, na koti ni la lazima.

Sasa lile la "pwani ni ileile popote". Hapana, na ukielewa kwa nini, utaweza kuchagua mwenyewe hata bila mimi.

Mchanga wetu mweupe wa Paje au Kiwengwa ni matumbawe yaliyosagika. Mediterania haina miamba ya matumbawe ya namna hiyo. Kule kuna milima ya chokaa inayoshuka moja kwa moja baharini, na mito mifupi yenye mteremko mkali ambayo inashusha mawe kabla hayajapata muda wa kusagika. Kwa hiyo fukwe nyingi za pale zina kokoto: nyeupe, safi, zinapendeza sana pichani, zinachoma nyayo. Mchanga unapatikana pale tu mto ulipopata tambarare ya kutulia. Patara ni kazi ya mto Eşen, İztuzu imejijenga mlangoni mwa mto wa Dalyan, na ile tambarare ya mashariki mwa jiji la Antalya imezaa fukwe za Lara, Belek na Side.

Kokoto zina siri nyingine ambayo watu hawaambiwi. Wimbi likipanda juu ya mchanga, maji hurudi yakiteleza na kuuvuta mchanga chini, kwa hiyo ufukwe unalala bapa. Likipanda juu ya kokoto, maji yanazama katikati ya mawe na hayana nguvu ya kuvuta chochote yanaporudi. Kokoto zinabaki zimerundikana juu, na ufukwe unakuwa na mteremko kama paa la nyumba. Hatua tano tu maji yako kifuani. Kijana anapenda hivyo. Mama wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, anayetoka majini huku mawe yanamporomoka chini ya miguu, anahitaji watu wawili wa kumshika.

Halafu kuna upepo. Kiangazi Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, na nchi za mashariki yake zinachemka, hewa inapungua mgandamizo, ilhali upande wa Balkani mgandamizo uko juu. Hewa inateremka kutoka kaskazini kupitia bahari ya Aegean, ile ya magharibi mwa Uturuki, na upepo huo unaitwa meltem. Unavuma zaidi Julai na Agosti, alasiri ndiyo saa yake, na ndio unaofanya Çeşme, Bodrum na Datça zipendwe na wenye matanga. Unasukuma maji ya juu yaliyopata jua, na ya chini yenye baridi yanapanda kuchukua nafasi, kwa hiyo bahari ya Aegean huwa na ubaridi zaidi ya ile ya kusini hata jua likiwa ni lilelile. Mtu anayetaka kulala kwenye kiti asome gazeti, Datça ya Julai itamnyang'anya gazeti. Ukishazunguka kona ya Marmaris kuja Dalyan, Fethiye na Kaş, milima inakukinga, na kinachobaki ni upepo wa kawaida wa bahari mchana.

Kuna jambo moja litakalokushangaza kwa uzuri: hakuna bamvua. Dar es Salaam bamvua ikiwa kubwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kila mtoto wa Pwani anajua kuuliza maji yako wapi kabla ya kwenda kuogelea. Mediterania karibu imefungwa yote, inapumua Atlantiki kupitia mlango wa Gibraltar wenye upana wa kilomita 14 hivi pale palipobana, kwa hiyo kupwa na kujaa kwenye pwani ya Uturuki hakufiki nusu mita. Saa yoyote utakayoteremka bahari iko palepale ulipoiacha jana. Hasara yake ni kwamba watoto hawatapata mchanga uliopwewa wa kutembea wakiokota kome na vijikaa. Maji nayo yana chumvi zaidi ya yetu, gramu kama 39 kwa kilo dhidi ya 35 za huku, kwa sababu jua linakausha zaidi ya mito inavyoleta. Mwili unaelea kwa urahisi, macho yanawasha. Wachukulieni watoto miwani ya kuogelea.

Kwa vipimo hivyo, tuangalie majina yako.

Kaş ni mji mzuri mno, siukatai. Lakini umejengwa kwenye mteremko, njia zake ni ngazi, na pa kuogelea kwa sehemu kubwa ni majukwaa ya mbao juu ya miamba yenye ngazi ya chuma ya kuteremkia majini. Kaputaş, ule ufukwe wa rangi ya feruzi ulioko kwenye kila kalenda, unashukiwa kwa ngazi zaidi ya 150, na jioni ni lazima uzipande. Kwa mama, Kaş imekataa yenyewe.

Çıralı inaniuma kuitoa, kwa sababu naipenda. Ni kijiji cha bustani za michungwa chini ya mlima Tahtalı wenye urefu wa mita 2,365, hakuna jengo refu, ufukwe wa kama kilomita 3, na mwisho wake kuna magofu ya Olympos yaliyozama kwenye miti. Juu kidogo, mahali paitwapo Yanartaş, gesi inatoka kwenye nyufa za mwamba na kuwaka moto wenyewe mchana na usiku, na imekuwa hivyo tangu kale. Kimya unachokitaka kipo. Lakini ufukwe ni wa kokoto wenye ule mteremko niliousema, na kupanda Yanartaş si kwa magoti ya mama. Mngekuwa wawili tu, wewe na mumeo, ningesema nendeni Çıralı na barua ingeishia hapo.

Patara ina mchanga hasa, ufukwe mrefu sana usio na hoteli hata moja kwa sababu umo ndani ya eneo la magofu, na unalipia kiingilio. Unalala kijijini Gelemiş, kilomita kama mbili kutoka baharini. Upungufu wake ni kwamba uko wazi mbele ya bahari kuu, mchana mawimbi yanainuka, na kivuli ni cha kukodi tu.

Mimi ningewapeleka Dalyan.

Dalyan si mji wa ufukweni, na lazima ulijue hilo mapema. Uko kando ya mto uliojaa matete, ardhi tambarare, unatembea bila kupanda popote. Ng'ambo ya mto kuna makaburi ya kale ya Kaunos yaliyochongwa juu ya jabali, ambayo mama atayaona akiwa amekaa na chai yake. Ili kufika baharini unapanda mashua ya ushirika wa wenye mashua, ambayo inakata matete kwa muda wa dakika 30 hadi 40, au unapanda dolmuş, ndugu wa daladala, hadi upande wa pili wa ufukwe. Ufukwe ni İztuzu: kilomita 4 na nusu za mchanga, kina kifupi, unatembea mbali majini kabla hayajafika kiunoni. Mtoto wako wa miaka 9 atacheza na wewe utapumua.

Kwa nini hakuna hoteli kwenye ufukwe kama huo? Miaka ya 1980 hoteli kubwa ilianza kupangwa pale. Duvi, kasa wakubwa wenye kichwa kinene, hutaga kwenye mchanga wa İztuzu, na watu waliowapigania, akiwemo Mwingereza June Haimoff aliyekuwa akiishi ufukweni hapo na kuitwa Kaptan June, walipiga kelele mpaka dunia ikasikia. Mradi ukasimamishwa, na mwaka 1988 eneo likatangazwa hifadhi maalumu. Tangu Mei hadi kiangazi kinapokwisha ufukwe hufungwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewaona kasa wa Mafia: vitoto vikiangua usiku hufuata upande wenye mwanga, na kwa kawaida mwanga ni bahari inayong'aa chini ya nyota. Weka taa za hoteli nyuma yake, vinageuka na kufia barabarani. Kwa hiyo utulivu unaoutafuta umelindwa kwa sheria, kwa ajili ya kasa, nasi tunafaidi. Miavuli inachomekwa sehemu maalumu tu ili isitoboe mayai. Waambie watoto mapema, wasije wakafokewa.

Dalyan ina kasoro zake. Hutaamka na kuiona bahari dirishani. Mbu wapo, mto na matete havikosi mbu, kwa hiyo beba dawa ya kupaka na uulize kama madirisha yana wavu. Julai na Agosti joto linakwama pale bondeni, sababu nyingine ya kuchagua Juni. Na mtaa wa migahawa una muziki jioni, chagua nyumba iliyoko mbali nao kidogo.

Hoteli ya wakala je? Haina ubaya wowote, na sitaki umwone kama tapeli. Belek na Side kuna mchanga, kuna lifti, chakula hakikatiki, na bajeti inajulikana kabla hujapanda ndege, jambo ambalo kwa familia ya watu watano lina uzito. Ila utulivu haupo: muziki bwawani mchana, burudani jukwaani usiku, foleni ya sahani asubuhi. Ukiamua kwenda huko, kwa amani kabisa, omba hoteli isiyozidi vyumba mia na uulize burudani ya usiku inaisha saa ngapi. Kama roho yako inataka kimya, nyumba ndogo ya wageni ya Dalyan yenye bustani na kifungua kinywa itakupa hicho kwa gharama isiyotisha. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye nyumba akutumie video fupi akitembea kutoka getini hadi kitandani. Ngazi ambazo tangazo halizitaji, video itazionyesha.

Upande wa chakula, punguza wasiwasi. Nyama kwenye migahawa ya kawaida ya Uturuki ni ya kuchinjwa kiislamu, nguruwe ni nadra na hupatikana zaidi kwenye baadhi ya hoteli za watalii. Uliza tu "Helal mi?" na hakuna atakayekasirika. Pombe utaiona imeuzwa mezani pa jirani, hilo lizoee. Samaki wanauzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako na bei itajwe kabla hajaingia jikoni. Pilipili yao ni ya kunusa tu. Mama akizoea chachandu yake, abebe.

Kuhusu kujisitiri, vazi la kuogelea la kufunika mwili lina jina lake la Kituruki, haşema, linauzwa madukani, na kwenye ufukwe wa wazi kama İztuzu hakuna atakayekuuliza. Pwani kwa mujibu wa katiba yao, ibara ya 43, iko chini ya dola na manufaa ya umma yanatangulia, kwa hiyo ufukwe ni wa wote, unacholipia ni kitanda na mwavuli. Tatizo hutokea kwenye mabwawa ya baadhi ya hoteli, ambako utaratibu ni wa mwenye mali. Waandikie kabla, upate jibu kwa maandishi. Kama ungependa zaidi kuogelea mbali na macho ya wanaume, zipo hoteli zenye ufukwe au bwawa la wanawake peke yao, nyingi zikiwa Alanya na Antalya. Hapo hesabu ya Dalyan inabadilika, na uamuzi huo ni wako.

Sasa mama, na hapa usinisikilize mimi peke yangu. Apelekwe kwa daktari wake mwezi mmoja kabla, akiwa na dawa zake zote mkononi. Ndege kutoka Dar hadi Istanbul ni kama saa saba, na kukaa muda mrefu miguu imening'inia kunafanya damu itembee polepole, kwa hiyo ainuke kila baada ya saa mbili na anywe maji. Kama moja ya dawa zake za presha ni ya kukojosha, joto la nyuzi 30 na jasho vinaweza kumshushia presha ghafla akaona kizunguzungu. Daktari ndiye wa kusema kama dozi ibadilishwe, si wewe wala mimi. Akiwa na mguu mmoja uliovimba, maumivu ya kifua, au anakosa pumzi akipanda ngazi chache, tiketi isinunuliwe mpaka apimwe. Dawa zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake. Na tafadhali omba huduma ya kiti cha magurudumu siku chache kabla ya safari, hata akikataa kwa kujikaza. Uwanja wa Istanbul ni mkubwa kiasi cha kuwachosha vijana. Karibu na Dalyan, kwenye ziwa Köyceğiz, kuna chemchemi za maji moto na tope za Sultaniye zinazosifiwa kwa viungo. Joto lake huleta nafuu ya muda, goti lililolika halitengenezwi na tope. Na kwa mwenye presha, maji moto ni swali jingine la kumwuliza yuleyule daktari. Mkiwa Uturuki, namba ya dharura ni 112.

Viza ianze miezi mitatu kabla. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania anahitaji viza. Ile ya mtandaoni wanapewa wale walio na viza hai au kibali cha ukaazi cha nchi za Schengen, Uingereza, Ireland au Marekani, na viza hiyo ya kuegemea isiwe ya kielektroniki. Msipokuwa nayo, mnaomba ya kubandikwa kwenye pasipoti. Ubalozi wa Uturuki uko Dar es Salaam, uliza pale maombi yanapokelewa wapi na orodha ya sasa ya nyaraka. Kuna tovuti nyingi zinazojifanya za serikali na kutoza mara mbili, tovuti ya kweli inaishia na gov.tr. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kunyimwa viza mahali popote, usijaze fomu kwa kubahatisha, nenda ukaongee na mtu ana kwa ana. Na msilipie hoteli isiyorudisha fedha kabla viza hazijatoka.

Tiketi iwe moja, kutoka Dar hadi Dalaman, uwanja wa ndege wa karibu na Dalyan, kupitia Istanbul. Watu hununua tiketi ya pili ya bei poa ya ndani ya Uturuki bila kuona kwamba inaondokea Sabiha Gökçen, upande wa Asia wa Istanbul, ilhali wao wametua uwanja mpya wa upande wa Ulaya. Kati yake kuna safari ndefu ya barabara kwenye foleni ambayo Mbagala wataitambua. Kutoka Dalaman hadi Dalyan ni nusu saa kwa gari. Mwambie mwenye nyumba atume dereva, bei ikubaliwe kabla.

Fedha: lira inapoteza thamani haraka, mfumuko wa bei ulipita asilimia 85 Oktoba 2022, kwa hiyo bei ya lira utakayoiona kwenye video ya mwaka juzi isahau. Vyumba vingi hutajwa kwa yuro. Bebeni yuro au dola kidogo, badilisheni mjini kidogo kidogo, si uwanja wa ndege.

Saa zenu hamtazigusa, kwani Uturuki tangu 2016 inatumia saa ya Afrika Mashariki mwaka mzima. Ila jua ni tofauti: Dalyan mwezi Juni linazama kama saa mbili na nusu usiku, na Isha inaingia baada ya saa nne. Waliokuwa na mazoea ya kulala mapema watasumbuka siku mbili za kwanza. Chukueni ndege ya usiku, mfike Dalyan mchana, na siku hiyo msipange kitu. Mama alale, watoto wachovye miguu kwenye bwawa, na mashua ya İztuzu muikamate kesho yake asubuhi mapema kabla mchanga haujaanza kuchoma. Viatu vya mpira vya kuingilia majini nunueni Kariakoo, kule ni ghali.